Kuhesabu Kitabu Upya: Mwongozo Kamili wa Kuwafunza Watumishi wa Afya Kutathmini Takwimu za MTUHA

Ripoti ya mwezi ilisema wajawazito 61 wa hudhurio la kwanza. Kitabu namba 6, kile cha wajawazito, tulichokipitia mimi na mwenzangu mstari kwa mstari tukiwa kwenye benchi nje ya zahanati, kilikuwa na 47. Mwenzangu akaandika pembeni ya fomu neno moja: "Wamepika."

Muuguzi alipomaliza kuchanja tukamwuliza. Hakushtuka wala hakukasirika. Aliingia ndani, akarudi na daftari kubwa la jalada gumu lililopigwa mistari kwa rula na peni nyekundu. Humo mlikuwa na wajawazito 14 walioandikishwa siku ya huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu walipo, kwenye kitongoji cha ng'ambo ya mto. Kitabu cha serikali ni kizito, alisema, na pikipiki inapita majini. 47 na 14 ni 61.

Tangu siku ile kila mafunzo ninayoendesha nayaanzia kwenye mfano huu. Nawapa washiriki namba mbili, nawaacha watoe hukumu, kisha natoa daftari. Mtu akishajihukumu mwenyewe kwamba alimsingizia muuguzi, utamfundisha tathmini kwa urahisi zaidi kuliko kwa slaidi 80.

Mwongozo huu ni wa mratibu wa MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) wa halmashauri, mjumbe wa timu ya mkoa, mkufunzi wa chuo cha afya, au yeyote aliyeambiwa "andaa mafunzo ya ubora wa takwimu" na hajui aanzie wapi. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania Bara. Msomaji wa Kenya abadilishe majina ya vitabu tu: rejesta ya wajawazito kwake ni MOH 405, ya wodi ya uzazi ni MOH 333, na ripoti ya mwezi ni MOH 711. Kazi yenyewe haibadiliki.

Namba inapita milango minne

MTUHA ulikuwa vitabu muda mrefu kabla ya kuwa kompyuta, na katika zahanati nyingi bado ni vitabu. Wagonjwa wa nje wanaandikwa kitabu namba 5, wajawazito namba 6, watoto namba 7, uzazi wa mpango namba 8, waliojifungua namba 12, waliolazwa namba 14. Kutoka kitabuni mtumishi anatali kwenye fomu, yaani anapiga alama moja kwa kila aliyehudumiwa. Mwisho wa mwezi mapigo ya kutali yanajumlishwa kwenye ripoti, ripoti inatakiwa iwe imefika halmashauri tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na iwe imeingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, ifikapo tarehe 14. Nchi nzima imekuwa kwenye DHIS2 tangu mwishoni mwa 2013.

Kwa hiyo namba moja inapita milango minne: kuandika, kutali, kujumlisha, kuingiza. Kutathmini ni kurudi nyuma kwa njia ileile, mlango kwa mlango, mpaka uone namba ilibadilikia wapi. Chora milango hiyo ubaoni siku ya kwanza na usiifute mpaka siku ya mwisho.

Halafu kuna swali la kwa nini. Hapo mfumo wa tathmini uitwao PRISM unasaidia, kwa sababu unagawa sababu katika mafungu matatu: za kiufundi (fomu ngumu, kitabu kimekwisha, kompyuta mbovu), za kiutawala (hakuna msimamizi, hakuna bajeti ya karatasi, hakuna anayerudisha mrejesho) na za kitabia (mtumishi haoni faida, hajiamini kwenye hesabu, anaogopa kuonekana mzembe). Mafunzo mengi niliyohudhuria yanashughulikia fungu la kwanza peke yake. Wakikuta kosa wanaagiza fomu mpya, na mwaka ujao wanakuta kosa lilelile kwenye fomu mpya.

PRISM ina kitita kizima cha madodoso: la utendaji wa mfumo, la usimamizi, la mtumishi na taasisi yake, orodha hakiki ya vifaa, na la mifumo ya kielektroniki. Usijaribu kufundisha yote kwa wiki moja. Chukua la utendaji na la mtumishi, mengine yasubiri.

Hatua ya 1: Nani aitwe

Barua ikitoka kwamba kuna mafunzo ya siku tano yenye posho, utaletewa watu ambao hawajashika kitabu cha MTUHA miaka kumi. Tunafahamiana. Dawa yake ni kuandika kwenye barua kazi ya mtu badala ya cheo chake: "anayejaza ripoti ya mwezi ya kliniki ya mama na mtoto", "anayeingiza takwimu DHIS2". Na ombea kila kituo watu wawili, mmoja anayeandika na mmoja anayesimamia, yaani muuguzi na mganga mfawidhi. Akija muuguzi peke yake atarudi na elimu asiyo na mamlaka ya kuitumia, na mfawidhi akija peke yake mamlaka yatakuwapo ila atakayeshika kitabu hajui kilichofundishwa.

Waratibu wa programu pia waitwe: malaria, chanjo, kifua kikuu, UKIMWI. Hawa mara nyingi wana fomu zao pembeni, na hizo fomu ndizo zinazomfanya muuguzi aandike mtu mmoja mara tatu.

Idadi isizidi 24, na kila watu 6 wawe na mwezeshaji mmoja. Zaidi ya hapo kazi ya vituoni itageuka msafara.

Hatua ya 2: Maandalizi ya wiki tatu kabla

Chagua vituo vya mazoezi, vinne vinatosha. Viwe tofauti: zahanati ya mbali, kituo cha afya chenye shughuli nyingi, hospitali ya wilaya, na kimoja cha binafsi au cha dini. Usichague vile vya barabarani vinavyotembelewa na kila mgeni, maana ukuta wao una chati kuliko wodi ya uzazi.

Pata barua ya utambulisho kutoka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na mwenyewe uwapigie wafawidhi simu. Waambie mtakuja, siku gani, na kwamba hamji kukagua mtu. Ziara ya kushtukiza ina mahali pake, lakini si kwenye mafunzo. Uliza siku ya chanjo na siku ya wajawazito, kisha epuka siku hizo. Wanafunzi sita wenye fulana mpya wakikaa mlangoni siku ya kliniki, akina mama watakaa juani na muuguzi hatakusamehe.

Chagua viashiria vinne tu. Mimi huchagua hivi, na nina sababu:

- Waliojifungua kituoni, kitabu namba 12. Ni rahisi: mama mmoja, mstari mmoja, tarehe moja. Ni wa kujengea imani.
- Wajawazito hudhurio la kwanza, kitabu namba 6. Unahitaji kujua tafsiri ya hudhurio la kwanza, lakini mstari ni mmoja.
- Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya Penta kwa watoto, kitabu namba 7. Huu una mtego, nitaueleza.
- Malaria iliyothibitishwa kwa kipimo cha haraka, kitabu namba 5. Huu ni wa jasho, kurasa ni nyingi.

Kisha chagua miezi mitatu iliyokwisha kufungwa na kusahihishwa. Usiuchukue mwezi uliopita. Toa DHIS2 namba za miezi hiyo kwa vituo vyote vinne pamoja na miezi 12 nzima ya halmashauri, uzichapishe. Usitegemee intaneti ya ukumbini.

Jambo la siri za wagonjwa lishughulikiwe sasa, lisisubiri siku ya safari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria jibu ni moja: hakuna kupiga picha ukurasa wa kitabu, hakuna jina la mgonjwa kwenye fomu ya mazoezi, na kadi za CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, hazitoki kwenye chumba cha kliniki hiyo. Niliwahi kuona ukurasa wa rejesta umetumwa kwenye kundi la WhatsApp la mafunzo "ili wote waone kosa". Kosa kubwa lilikuwa ile picha.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, kidole kwenye karatasi

Usianze na historia ya mfumo. Andaa kurasa za kitabu za kubuni, zenye majina ya uongo, mistari kama 60, umezitilia makosa kwa makusudi: tarehe ya mwezi mwingine katikati, mstari ulioandikwa mara mbili, mstari uliokatwa, mama aliyekuja na rufaa akahesabiwa tena, ukurasa ulioanza juu bila mwezi. Gawa kwa wote, uwaambie wahesabu hudhurio la kwanza la mwezi mmoja. Andika majibu yote ubaoni.

Watu 24 hawatakupa jibu moja. Sijawahi kupata majibu chini ya matano tofauti. Waache wabishane. Katika ubishi huo ndipo kanuni za kuhesabu zinapozaliwa, na wewe unaziandika tu kwa mdomo wao:

Tunahesabu kwa tarehe ya huduma, si kwa ukurasa. Wawili wanahesabu kila mmoja kivyake bila kutazamana, kisha wanalinganisha, na wakitofautiana wanarudia wote. Mstari usiosomeka unaandikwa kama usiosomeka, haukisiwi. Kabla ya kuhesabu tunauliza kama kuna kitabu kingine, daftari la mkoba, rejesta ya chumba cha pili au kile kilichojaa kikawekwa stoo. Na aliyehesabu haoni namba ya ripoti mpaka amalize, kwa sababu mtu akijua jibu ni 61 macho yake yatatafuta 61.

Kanuni hii ya mwisho watu wanaidharau. Isimamie kwa ukali.

Mchana fundisha mtego wa Penta. Chanjo hii hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na kitabu namba 7 kinamfuata mtoto mmoja kwenye mstari mmoja kuanzia siku aliyoandikishwa. Mtoto aliyeandikishwa Januari akipata Penta 3 Aprili, tarehe ya Aprili imeandikwa kwenye ukurasa wa Januari. Mshiriki mgeni atafungua kurasa za Aprili, atahesabu safu ya Penta 3, atapata watoto watatu na kutangaza kwamba kituo kimedanganya. Mpe kurasa za miezi minne na mwache aanguke humo. Hatasahau.

Hatua ya 4: Namba tatu na migao miwili

Sasa fundisha hesabu. Kwa kila kiashiria na kila mwezi unatafuta namba tatu: ya kitabuni uliyoihesabu (K), ya nakala ya ripoti iliyobaki kituoni (R), na iliyomo DHIS2 (D). Gawa K kwa R: hapo unapima milango ya kituo. Gawa R kwa D: hapo unapima mlango wa kuingiza. Watu wengi hulinganisha K na D moja kwa moja, wanaona tofauti na kumlaumu muuguzi kwa kosa la aliyekuwa kwenye kompyuta.

Mfano: K ni 47, R ni 61, D ni 16. K kwa R ni 0.77. Ikiwa chini ya 1, ripoti imezidi kitabu. Ikiwa juu ya 1, kitabu kimezidi ripoti. R kwa D ni 3.81, na ukitazama vizuri 16 ni 61 iliyogeuzwa na kidole chenye haraka. Mipaka inayotumika sana, hata kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ni asilimia 10 huku na huku: kati ya 0.90 na 1.10 inakubalika.

Halafu onesha jinsi wastani unavyoficha. Mwezi wa kwanza kitabu 47, ripoti 61. Mwezi wa pili kitabu 47, ripoti 33. Jumla ya kitabu ni 94, jumla ya ripoti ni 94, mgao ni 1.00. Kituo kinapewa cheti cha ubora kwa makosa mawili yaliyokatana. Vivyo hivyo kwa vituo: kimoja kina 0.70, kingine 1.30, wastani wa halmashauri ni safi kabisa. Ndiyo maana matokeo yaandikwe mwezi kwa mwezi na kituo kwa kituo, na jumla ije mwisho kama mapambo.

Hatua ya 5: Siku ya pili, kusoma miezi 12 mezani

Kabla ya kwenda vituoni, wafundishe kupata mashaka wakiwa mezani. Kuna mambo manne ya kutazama.

Ukamilifu kwanza: ripoti ngapi zilitarajiwa, ngapi zimefika, na ngapi zimefika kwa wakati. Lakini ripoti iliyofika inaweza kuwa nusu tupu. Hapa kuna jambo dogo linalovuruga wengi: kisanduku kitupu na sifuri si kitu kimoja. Sifuri inasema "tumetazama, hakuna". Kitupu hakisemi lolote. Na DHIS2, kiashiria kisipowekewa mpangilio wa kutunza sifuri, haihifadhi sifuri hata mtu akiiandika. Kwa hiyo ukiona pengo kwenye mfumo usimlaumu mtu kabla ya kuona karatasi.

Pili, mwafaka wa ndani. Penta 1 na PCV 1 (chanjo ya nimonia) hutolewa siku moja kwa mtoto mmoja. Zikitofautiana sana uliza kama chanjo moja iliisha au kama kuna anayetali moja na kusahau nyingine. Penta 3 ikizidi Penta 1 mwezi mmoja, huenda ni kawaida. Ikizidi mwaka mzima, kuna jambo. Waliopatikana na malaria hawawezi kuzidi waliopimwa. Na vipimo vya malaria vilivyotumika kwenye leja visipishane sana na waliopimwa kitabuni: hapa washiriki wa maabara huwa wanang'ara.

Tatu, namba zilizokaa vibaya. Namba ileile miezi mitatu mfululizo, au namba zinazoishia 0 na 5 kila mara, zinanuka meza, yaani huenda zilibuniwa mezani. Kwa namba iliyoruka juu, vitabu husema hesabu ni mikengeuko sanifu mingapi (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) kutoka kwenye wastani, na ikifika 3 ishike. Kanuni hiyo ina tundu. Chukua zahanati yenye hudhurio la kwanza 18, 22, 20, 19, 21, 23, 20, 17, 22, 19, 19, na mwezi mmoja 210 kwa sababu mtu aligusa sifuri ya ziada. Kosa lenyewe linauvuta wastani kutoka 20 mpaka karibu 36 na kuupanua mkengeuko mpaka 55. Ukipiga hesabu, 210 inapata 3.17 tu. Kwa miezi 12 haiwezi kuzidi hapo kwa kiasi cha kuonekana, hata ingekuwa 2,100. Na kwa miezi 10 au pungufu, thamani moja haiwezi kufika 3 kabisa. Kosa linajificha kwenye kivuli chake lenyewe.

Njia nzuri zaidi hutumia namba ya katikati. Panga namba kwa ukubwa, chukua ya katikati: hapa ni 20. Tafuta umbali wa kila mwezi kutoka 20, upange umbali huo, uchukue wa katikati: ni 1.5. Kisha 0.6745 mara 190, gawa kwa 1.5. Jibu ni zaidi ya 85, na kikomo ni 3.5. Washiriki wasiopenda hesabu wafanyie kwenye jedwali la kompyuta, ila kila mmoja achore pia grafu ya mstari kwa mkono. Grafu ya penseli humwonesha mkunga 210 bila kanuni yoyote.

Nne, idadi ya watu. Halmashauri ikisema imechanja asilimia 130 ya watoto, tatizo linaweza kuwa chini ya mgao (watoto waliotarajiwa) badala ya juu (waliochanjwa). Makadirio yaliyojengwa juu ya sensa ya 2012, iliyohesabu watu 44,928,923, yalikuwa yamechakaa mpaka ile ya 2022 ilipohesabu 61,741,120, na hata mapya yanakosea pale mgodi unapofunguka au wafugaji wanapohama. Pia mama hachagui kituo kwa kufuata mpaka wa kata. Fundisha washiriki kuuliza watoto hao wametoka wapi kabla ya kuuliza nani amezidisha.

Hatua ya 6: Siku ya tatu na ya nne, vituoni

Timu ya watu sita: wawili wahesabu, wawili wahesabu kivyao, mmoja azungumze na watumishi, mmoja atazame vifaa na matumizi. Badilishaneni kituo cha pili.

Kuingia ni adabu. Salamu kwa mfawidhi, barua, kitabu cha wageni, maelezo mafupi kwa watumishi wote waliopo, hata mhudumu wa usafi, kwa sababu yeye ndiye anayejua kitabu cha zamani kiliwekwa wapi. Namna ya kuuliza ifanyiwe mazoezi ukumbini kabla. "Mbona namba zenu haziendani?" haikuletei daftari la mkoba. Afadhali: "Sista, tuoneshe unavyofanya unapotengeneza ripoti ya mwezi. Unaanzia kitabu gani?" Kisha nyamaza umtazame akifanya. Ndani ya dakika kumi utaona kama anatali kila siku au anakesha tarehe 5, kama anatumia fomu ya kutali au kipande cha boksi la glavu, kama anaita binti yake wa sekondari amsaidie kujumlisha. Nimeyaona yote hayo, na la binti lilikuwa na hesabu sahihi kuliko zote wilayani.

Yule anayezungumza na watumishi atumie dodoso la mtumishi lenye sehemu mbili. Ya kwanza inamwuliza anajiamini kiasi gani kukokotoa asilimia, kuchora grafu, kueleza matokeo. Ya pili inampa kazi hizo azifanye. Tofauti kati ya kujiamini na uwezo ndiyo inayokuambia mafunzo gani yanahitajika. Anayejiamini na hawezi ni mgumu kuliko asiyejiamini na anaweza. Huyu wa pili anahitaji kuambiwa tu kwamba amepata. Dodoso lisiwe na jina, na mfawidhi asikae chumbani.

Anayetazama matumizi asiridhike na chati ya ukutani. Aangalie imeishia mwezi gani, halafu aombe muhtasari wa kikao cha mwisho cha watumishi au cha kamati ya usimamizi wa kituo, na atafute uamuzi mmoja tu uliofanywa kwa sababu ya takwimu. Kuagiza dawa zaidi, kuongeza siku ya mkoba, chochote. Vituo vingi vina chati na havina uamuzi. Hili liandikwe.

Kwa uzoefu wangu, kuhesabu kitabu namba 12 kwa miezi mitatu ni chini ya saa moja kwenye zahanati, lakini malaria kwenye kitabu namba 5 cha kituo cha afya kinaweza kula saa mbili kwa mwezi mmoja. Kwa malaria hesabu mwezi mmoja tu. Hospitali ya wilaya uliza kwanza vyumba vya madaktari viko vingapi, maana kila chumba kina kitabu chake.

Kabla ya kuondoka, kaeni na watumishi nusu saa, muwape mliyoyaona papo hapo kwa mdomo na nakala ya ukurasa mmoja. Anza na lililo zuri, lakini la kweli. Kisha tofauti moja au mbili, na waulizwe wao sababu. Kituo kinachosubiri mrejesho kwa barua hakitaupata.

Hatua ya 7: Siku ya tano, kutoka namba kwenda sababu

Hii ndiyo siku inayokatwa watu wanapowahi basi. Usikubali ikatwe. Kila timu ichukue tofauti kubwa moja iliyoikuta na kuipeleka kwenye milango minne, halafu kwenye mafungu matatu ya sababu. Ulizeni "kwa nini" mpaka mfike kwenye jambo ambalo mtu mwenye jina anaweza kulifanyia kazi mwezi huu.

Mfano wa daftari la mkoba: namba hazilingani kwa sababu wa mkoba hawakuhamishiwa kitabu namba 6. Hawakuhamishiwa kwa sababu muuguzi alirudi saa moja usiku na kesho yake alikuwa peke yake. Alikuwa peke yake kwa sababu zamu haimpi saa ya kuandika baada ya mkoba. Hilo ni la kiutawala, na mfawidhi anaweza kulibadilisha Jumatatu kwa kupanga zamu upya, bila fomu mpya na bila semina ya pili. Na daftari la mkoba lipewe namba, liandikwe jalada, liorodheshwe pamoja na vitabu rasmi vya kituo, ili mhakiki ajaye aliombe.

Ikitokea sababu ni kupika kweli, na inatokea, hasa pale posho au sifa ya kituo inapotegemea namba, usilitangaze ukumbini. Liende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwa njia yake. Lakini timu ichambue shinikizo lililomfikisha mtu hapo: nani alimwambia asiporipoti asilimia 90 atahamishwa?

Mpango wa kila kituo usizidi mambo matatu. Kila jambo liwe na anayelifanya, tarehe, na kitu kitakachoonekana kwa macho. "Kuboresha ubora wa takwimu" halionekani. "Fomu ya kutali ya kliniki inajumlishwa na kusainiwa kila siku kabla ya saa 10 jioni" linaonekana.

Hatua ya 8: Miezi mitatu baadaye

Mtihani wa kabla na baada ya mafunzo utakuambia nani alisikiliza. Haukuambii kama kuna kilichobadilika kituoni. Weka kwenye bajeti, tangu mwanzo, safari moja ya kurudi baada ya robo mwaka, hata kama ni kwa kuitumia ziara ya kawaida ya usimamizi shirikishi. Ukirudi usibebe dodoso zima. Hesabu kiashiria kimoja, mwezi mmoja, na washiriki wenyewe ndio wahesabu huku wewe ukitazama kama wanakumbuka kuficha namba ya ripoti.

Kwenye zahanati ile ya daftari la mkoba nilirudi mwezi wa nne. Daftari lenyewe lilikuwa limevikwa karatasi ya khaki na kuandikwa "6B". Hudhurio la kwanza la Machi: kitabu namba 6 kilikuwa na 52, 6B kulikuwa na 9, ripoti ilisema 60. Sista akahesabu tena mbele yangu, akamkuta mama mmoja aliyeandikwa kote kuwili, akamkata kwa mstari mmoja na kuweka sahihi pembeni.